Shuka Mbili

Hobart, ghorofa ya pili, mvua ya Julai dirishani.
Mhudumu amechukua kalamu yangu ya wino,
kanipa penseli iliyochongwa hadi ikabaki kidole gumba.
Kisha leja, nzito kama mtoto aliyelala.

Keziah Dunnock. Mfuaji. Miaka kumi na tisa.
Kimo: futi nne na inchi kumi na moja, bila viatu.
Macho: kijivu. Kovu juu ya nyusi ya kushoto.
Mkononi, chanjo ya wino wa buluu: nanga, na herufi T.H.
Kosa: shuka mbili za nyumba ya wageni, mjini Lincoln.
Adhabu: miaka saba, ng'ambo ya bahari.

Za mwizi ni arobaini.
Zake zilikuwa elfu mbili, mia tano hamsini na saba;
nimezihesabu mwenyewe, pamoja na zile Februari mbili ndefu.

Bibi yangu Enid hakumtaja hata siku moja.
"Sisi tulikuja kwa nauli yetu," alisema,
na ukurasa wa kwanza wa Biblia ya ukoo
ulikuwa umekatwa kwa wembe,
kwa mkono usiotetemeka.
Lakini kila Ijumaa alihesabu shuka zake.
Alizitia alama pembeni kwa uzi mwekundu,
akazianika nyuma ya banda, majirani wasizione,
na ikipungua moja, hatuli hadi ipatikane.
Nilidhani ni uzee.

Leja inaendelea, kwa mwandiko wa karani mmoja, halafu mwingine:
Kulewa. Siku tatu, mkate na maji.
Kumjibu bibi mwajiri wake. Mwezi mmoja kwenye beseni za kufulia.
Kucheka wakati wa sala. Anyolewe nywele.

Kucheka!
Neno hilo nimelisoma mara nne.
Mhudumu ananitazama, nami nimejiziba mdomo
kwa kiganja chenye vumbi la penseli.
Ulicheka nini, Keziah, na nani alicheka nawe
asiandikwe?

Mwaka wa 1851 kuna muhuri: Huru.
Chini yake, karatasi tupu.
Walimpima, wakamkagua, wakaandika hata mabaka ya ngozi,
na siku aliyotoka langoni
wakafunga kitabu kana kwamba wamemzika.
Nauchukia mkono ulioandika haya.
Bila mkono huo nisingekuwa na hata kimo chake.

T.H. ni nani, sijui. Katika ukoo wetu hayupo.

Jioni, nyumbani Glenorchy, naanua nguo.
Shuka kubwa ina ukaidi wake: inataka watu wawili.
Pembe mbili nazishika, ya tatu naibana kwa kidevu,
ya nne inaburuta.
Namkadiria: angefika hapa, chini kidogo ya bega.
Nanyoosha mkono, kama mtu anayepokea pembe.

Shuka inaanguka sakafuni.
Naiokota, naikung'uta,
naanza upya.