Ubavu kwa Ubavu

Mimi ndiye niliyelichapa neno lile.
Jumanne ya Novemba, kituo cha polisi, Hull,
hita inakohoa, chai imepoa hadi ikaota ngozi,
Konstebo Thirkell anasoma daftari lililolowa:
"Mtuhumiwa alim..." Akasita, akajikuna shingo.
Nikamsaidia. Ndiyo kazi yangu,
kuwamalizia wanaume wazima sentensi zao.
Nikachapa: accost.
Herufi sita. Likakaa pale karatasini
kama mgeni asiyevua koti.

Mtuhumiwa: Wilf Garmston, miaka sabini na mmoja,
zamani nahodha wa tagi katika mto Humber.
Mlalamikaji: Philippa Sneath, muuguzi,
ametoka zamu, saa kumi na robo alfajiri,
Barabara ya Hessle, ukungu umeshuka hadi magotini.
Alimfuata? Hapana. Alikuja kandoni mwake,
wakaenda sambamba hatua arobaini na tatu.
(Aliyehesabu ni mwanamke.
Sisi huhesabu.)
Ndipo akafungua kinywa: "Kipenzi,"
wazee wetu humwita hivyo kila mtu, hata muuza samaki,
"kipenzi, mkoba wako uko wazi."
Ukelele wake uliwasha taa za ghorofa tatu.

Usiku ule nikashusha kamusi ya marehemu baba,
ingali inanuka tumbaku yake,
nikalifuata neno kinyumenyume
kama anayefumua sweta akitafuta fundo la kwanza.
Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa,
Wafaransa kwa Kilatini, na huko chini kabisa
nikakuta mfupa:
costa. Ubavu.
Ubavu tu, kama ule unaoning'inia kwa Pashby buchani!
Huohuo uliowapa neno lao la pwani,
maana pwani ni nini
kama si ubavu ambao nchi huulalia majini?

Zamani halikuwa neno la watu. Lilikuwa la vyombo:
kusogea kandoni mwa chombo kingine,
mbao ziguse mbao, kamba irushwe, idakwe.
Miaka mia nne hivi iliyopita likapanda nchi kavu, likavaa viatu,
likaanza kuwaendea watu,
kwanza kwa salamu, kofia mkononi,
baadaye bila kofia,
baadaye bila salamu.
Nani alilifunza ukorofi? Baba angejua.
Kamusi yake haisemi.

Mahakamani Garmston alisimama, suti ya mazishi mwilini.
"Mheshimiwa, meli haiendewi kwa mbele,
utakufa. Unaijia ubavuni,
matairi yamening'inia, unalinganisha mwendo,
ukishalingana ndipo unapaza sauti.
Miaka arobaini. Sijui njia nyingine
ya kumwendea yeyote."
Watu wakacheka, hakimu naye akaficha mdomo.

Philippa Sneath hakucheka.
"Mimi si meli," alisema.
"Na meli ingekuona kwa taa zako.
Wewe ulikuwa na taa gani?"

Nilisikia saa ya ukutani.
Mzee akaitazama mikono yake, pande zote mbili,
kana kwamba amekabidhiwa asubuhi ile.
"Kweli," alisema. "Sikuwasha taa."

Kesi ikafutwa. Neno halikufutwa,
limo ndani ya faili, kwa mashine yangu, kwa wino wangu.
Ningeweza kuandika alimwendea.
Ningeweza kuandika alitembea naye.
Lakini zile hatua arobaini na tatu ningeziweka wapi?
Sikuwa na ubavu wa kulitoa,
wala wa kuliacha bila kukosa usingizi.

Nje mvua ilikuwa ya kulala.
Nikawaona, yeye kwenye kituo cha basi,
mzee ng'ambo ya barabara, chini ya nguzo ya taa,
amesimama pale mwanga unapomwagika wote,
amevua kofia, hasogei.
Basi likapita kati yao.
Lilipokwisha kupita,
mwanamke alikuwa bado hajapanda.
Akainua mkono, si sana,
akaufunga mkoba wake.