Ndoo

Lugha haitawasumbua, aliandika Wilondja.
Huku wanasema Kiswahili.
Funga bintu, leta batoto.

Siku ya nne Chaani, chumba cha pili kutoka chooni,
jirani wa mlango wa mbele akaniita: Ndoo!
Nikatazama huku na huku, nikachukua ndoo,
ile ya buluu yenye mshikio wa waya,
nikampelekea.
Alicheka hadi akaketi kizingitini.
Kumbe kwao ndoo ni njoo.
Kumbe chai ilikuwa tayari, na mahamri yamefunikwa kawa,
na mimi nimesimama uani na ndoo tupu
kama mtu aliyetumwa na mvua.

Mume wangu hutengeneza makontena ya baridi.
Samaki za watu, maparachichi ya watu,
dawa za watu zisizostahimili jua:
yeye ndiye hukesha nazo.
Hurudi alfajiri vidole vimekufa ganzi
katika mji ambao mimi silali kwa joto.
Namtia mikono kwapani mwangu, tunanyamaza.
Miaka miwili alikuwa sauti,
tena sauti ya kukatika salio likiisha.
Sasa ana mwili. Anakoroma.
Ana deni dukani kwa Shebwana
na namna ya kutazama ukuta ambayo hakuondoka nayo nyumbani.
Hiyo nayo ni lugha. Sijaipata.

Kwetu Uvira ziwa liko pale,
unachota, unajitwisha, hakuna anayekuhesabia.
Hapa maji yameuzunguka mji mzima
na bado kijana wa mkokoteni aniuzia dumu,
akiapa kwa mamake kuwa ni matamu.
Nikaonja.
Nikamwambia utamu wako umelala na chumvi.
Akanipunguzia shilingi tano.

Kibali cha kazi kinaisha Novemba.
Kimo ndani ya nailoni, nailoni ndani ya Biblia,
Biblia ndani ya sanduku, sanduku chini ya kitanda.
Na jana tumenunua kabati.
La mninga, milango miwili, halipiti mlangoni
hadi livuliwe miguu.
Nani hununua kabati akiwa na Novemba?
Sikuuliza. Nilishika upande wangu, nikainua.

Shuleni wamemwandika Mapendo: Mapenzi.
Nikaenda. Mwalimu akasema ni yale yale, mama,
ila hili ndilo sahihi.
Neno hilo nililibeba hadi nyumbani, likanitoka jasho.
Jina alimpa bibi yake, aliyezikwa tusiwepo.
Usiku nikamwuliza mtoto, Unaitwa nani?
Akasema, Shuleni ama hapa?
Ana miaka saba.

Asukulu ndiye aliyehama kabisa.
Asema baba yuwaja, asema sitaki mie,
anisahihisha mbele ya wageni:
Si bintu, mama, vitu. Si mayi. Maji.
Nami hujibu, haya, maji,
na nikibaki peke yangu na sufuria
nasema mayi, mayi, mayi,
polepole, nisije nikalipoteza.

Juzi Bi Zuwena alishikwa na homa.
Wanawe wako Dubai, mmoja Doha,
kila mmoja ni sauti ya kukatika.
Nikavuka ua, Asukulu nyuma yangu.
Mama wa watu amejikunja kitandani, midomo imekauka,
hakunitazama hata. Akasema:
Nipa mai.

Mai.

Nikamgeukia mwanangu.
Alikuwa anaangalia miguu yake.

Nikamwinua Bi Zuwena kichwa, nikamnywesha,
kikombe kimoja, kisha nusu,
kitambaa kikawa moto mara moja kwenye paji lake,
na mtungi wake ulikuwa umeishia hapo.
Nikachungulia dirishani, nikamwita Mapendo kwa sauti:
Ndoo!

Akaja mbio, malapa yakipiga sakafu ya uani,
na ile ya buluu mkononi,
asije akawa amekosea.