Ndani ya Kijani Hiki Hamna Kijani

Nyamizi ameingia dukani na kipande cha turubai
kilichokunjwa mara nne kama barua ya posa.
Anakifungua juu ya kaunta, anakipapasa:
"Nataka ukuta wa rangi hii. Sebule nzima, Mikocheni.
Si kijani cha mgomba, si cha bendera.
Hiki. Kilichochoka."

Nje, Gerezani inagonga mabati tangu alfajiri.
Nashika kitambaa, naona kisamvu:
kisamvu kilicholala, cha siku ya pili,
kilichopashwa na nazi yake hadi kikasahau
kwamba kiliwahi kuwa jani.

Naiuliza mashine. Mashine ina rangi elfu mbili
na hii haina. Inanipa kijani cha chura,
inanipa kijani cha chupa,
halafu inawasha taa nyekundu na kudai karatasi.

Basi naingia stoo, narudishia mlango.

Baba yangu, Mwakalobo, alipaka malori ya jeshi
miaka kumi na tisa, kule Lugalo;
harufu ya tina alizikwa nayo.
Alinifundisha nikiwa darasa la tano,
kwa kijiti, ndani ya kopo la maziwa ya unga:
"Usiguse buluu. Mjinga huanza na buluu.
Chukua njano, ile ya udongo, isiyocheka.
Tone la nyeusi. Koroga. Tone. Koroga.
Nyeusi ikiingia kwenye njano haifi, inaota majani.
Ndani ya kijani hiki hamna kijani."
Nikacheka. Akanipaka puani ili nisisahau.

"Na lori lililopakwa vizuri," akasema,
"ni lile unalolitafuta ilhali ufunguo wake umeushika."

Mwaka wa vita alipaka usiku na mchana.
Aliyahesabu yakitoka getini.
Yakirudi, hakuhesabu.

Njano. Tone. Koroga.
Nyuma ya mlango Nyamizi anaongea na simu:
fremu za shaba, kiti cha mninga,
mkeka wa ukili mwekundu kwa zambarau, taa ya chini.
"Ukuta urudi nyuma," anasema, "vitu vije mbele.
Usiuone. Uuhisi tu,
kama mtu aliyekaa kimya chumbani."

Nimesimama na kijiti, kinadondosha.
Hajui kwamba amemnukuu baba yangu.

Rangi ya ajabu, hii. Shati lake ukilivaa
ukakatiza Mwenge, utaulizwa kikosi na namba,
utarushwa kichurachura mbele ya watoto wa shule.
Ukuta haukamatwi. Ukuta unavaa gwanda mchana kweupe
na wageni wanaushika shika wakisema: unatuliza.
Mama aliifua miaka kumi na tisa kwa sabuni ya kipande.
Sikumwona imtulize.

Napaka kidole kimoja juu ya kadi, napuliza, nangoja,
maana rangi hii ikiwa mbichi ni mwongo.
Nampelekea. Anailaza juu ya turubai
na hatuoni tena kadi inaishia wapi.

"Inaitwaje?"
Anataka jina la kumwandikia mteja,
kitu kama Zeituni, kitu kama Utulivu wa Msitu.
Nachukua kalamu ya wino mzito,
naandika juu ya mfuniko: KISAMVU CHA JANA.
Anacheka mpaka miwani inateremka.
"Siwezi kumpa mteja hiyo."
"Basi futa."

Hakufuta. Alhamisi kamtuma bodaboda:
ndoo mbili zaidi, kisamvu kile kile,
na kikaratasi chenye mwandiko wa haraka.
Mteja anauliza
kwa nini jua la saa kumi na moja likiingia dirishani
ukuta wake unakuwa njano.