Farasi wa Jemadari Lunyiliko

Jemadari amepewa barabara Iringa mjini,
na kibao cha bati.
Kimulimuli, aliyembeba, hakupewa kitu.

Vita vilipokwisha alirudi Kilolo peke yake,
tandiko likining'inia tumboni,
sikio moja halipo.
Bibi Semgovano akambebesha viazi.
Akabeba, hakuringa.

Ila radi ikipiga kule Udzungwa
alisimama katikati ya njia, shingo juu,
akausogeza ubavu kwenye jiwe
taratibu,
ili mtu apande.

Sisi tulioshika kamba hatukumvuta.
Tuliloa naye.
Magunia yaliloa.
Bibi alifoka, kisha akanyamaza,
akampangusa matope usoni kwa kanga.

Alipofukiwa tumepanda maharage.
Mvua za kwanza zikinyesha,
shamba zima bado limelala,
mistari ile minne
hutangulia.