Sentimita Nne

Ukuta ulikuwa mzima. Mama alilirudia hilo mara tatu,
amekumbatia birika kana kwamba nalo limo
kwenye orodha ya kubomolewa.
Wahenga walituonya juu ya asiyeziba ufa;
juu ya anayevunja ukuta usio na ufa
hawakuacha neno.

Nilikuwa nimerudi Kutaisi na mchoro kwapani:
jikoni na sebuleni pawe chumba kimoja,
madirisha mawili yatazamane,
droo badala ya makabati yenye kina cha kisima,
vitasa vya kusukumwa kwa kiwiko,
taa chini ya rafu, palepale kisu kinapofanya kazi.
Nilikuwa nimehesabu. Kutoka jiko la gesi hadi mezani
hatua kumi na moja, kizingiti kimoja,
na goti la kushoto la Lamara, miaka sabini na minne.
Nikamwambia, zitabaki tatu.
Akasema, "Na zile nane utaziweka wapi?"

Gocha fundi alikuja na nyundo na mwanawe,
kijana asiyesema ila kwa nyusi.
Tulianza na kabati la vioo.
Bilauri ishirini na nne za kuchongwa,
hazijawahi kugusa mdomo wa mtu,
zikimngoja mgeni mkubwa kuliko wote tuliowahi kupata.
Mama alizifunga moja moja kwa magazeti.
Ya mwisho akaijaza maji ya bomba,
akanywa amesimama.
"Kumbe maji ni yaleyale."

Kisha karatasi za ukutani, zikabanduka kama maganda ya kitunguu:
ya kahawia, chini yake ya maua,
chini ya maua ile ya mistari
aliyoibandika baba kombo mwaka niliozaliwa
na hakuna aliyethubutu kumwambia.
Chini ya mistari, lipu.
Juu ya lipu, penseli.

Gocha akazima redio.

Meza ndefu ya jikoni, chini ya dirisha.
Droo tatu. Rafu. Hata taa,
kiduara chenye miale kama jua la mtoto.
Na ukuta wa kati haukuwepo, badala yake nukta, nukta, nukta.
Mshale, na mwandiko wa Ushangi ulioinama
kama mtu anayetembea dhidi ya upepo:
*Chini kidogo ya kiwiko cha Lamara. Tisini na moja.*

Miaka ile umeme ulikuwa mgeni,
na mbao tulizopata tuliziota moto.
Akachora, akapima, akafunika.
Mimi nina shahada yenye muhuri. Usiku mingapi
niliisogezasogeza meza hiyo kwenye skrini
nikidhani naivumbua.

Gocha akatoa futi, akampima mama.
Themanini na saba.
Akapima tena, kwa heshima.
"Nifuate ipi?"

Mama aliuangalia ukuta muda mrefu,
akapangusa vumbi kwenye nambari kwa ncha ya aproni,
taratibu, isifutike.
"Yule aliyepimwa hapiki tena humu.
Kata ya leo."

Sasa jua linaingilia upande wa mjozi
na kutokea barabarani bila kubisha.
Mama analalamika: meza nyeupe haifichi doa,
droo zinazojifunga zenyewe zina kiburi,
anazibamiza, nazo zinakataa kubamizwa.
Akipita na sufuria bado anainua mguu
pale kizingiti kilipokuwa.
Bilauri tunazitumia; zimebaki kumi na tisa.

Lipu tuliiacha wazi, kipande cha upana wa kitabu.
Mstari wa baba uko juu ya meza,
sentimita nne za ukuta mtupu kati yao.
Hapo ndipo mama huegemeza kiberiti,
ingawa jiko jipya haliwashwi kwa kiberiti.