Nyota Mahali pa Namba

Jumatatu ya pili ya mwezi, saa moja jioni,
maktaba ya shule ya Tollefsby, Dakota ya Kaskazini.
Wajumbe watano wamekalia viti vya darasa la tatu,
magoti yamewafika kidevuni.
Mimi ni karani wa bodi. Naandika muhtasari.
Nje ni baridi ya kukata chuma:
magari hayazimwi, yanakoroma peke yake uani.

Kwanza, boila.
Marlys Tveit, mwenyekiti, aliyesoma humu
kama mamaye alivyosoma humu,
anasema boila ni rika lake, na wote wawili wanavuja.
Wanacheka. Siandiki.
Fundi ametaja bei.
Hapo kicheko kinakunjwa, kinarudishwa mfukoni.

Pili, basi.
Dereva aliacha kazi Oktoba.
Tangazo limekaa dirishani pa posta mpaka limepauka.
Basi, mkuu wa wilaya mwenyewe, Bwana Rindahl,
huliwasha saa kumi na moja alfajiri,
kilomita sabini za changarawe, watoto kumi na mmoja,
kisha huvua glavu akafundisha aljebra,
kisha huvaa tai akaijibu serikali.
Mshahara ni mmoja.
Hilo nimeliandika.

Tatu, matokeo.
Taarifa ya jimbo ina rangi, ina mishale ya kupanda na kushuka.
Natafuta darasa la nne, hisabati.
Hakuna namba. Mahali pa namba pana nyota.
Chini kabisa, kwa herufi za sisimizi, wameeleza:
watoto wasipofika kumi, alama haitangazwi,
maana ukitaja asilimia umeshamtaja mtu.

Darasa la nne wako saba.
Nawajua kwa vishindo vya viatu vyao.
Annika husoma akitembea, milango yote imeshamgonga.
Mapacha wa Hovland hugawana jibu moja kama andazi.
Wyatt alikosa siku tisa ng'ombe walipokuwa wakizaa;
anajua marobota mangapi yatafika Aprili,
ila karatasi haikumuuliza habari za marobota.
Na Siwema wangu,
anayezidisha kwa Kiswahili chini ya ulimi,
sita mara saba, arobaini na mbili,
kisha anavuka na jibu kwenda ng'ambo ya pili.
Nyota moja imewafunika wote.

Lyle Sandvik, mkulima wa kanola, anauliza,
"Sasa tumefaulu au tumefeli?"
Rindahl anasugua macho.
"Mwaka jana walikuwa kumi na mmoja.
Mmoja aliamka na tumbo la kuendesha siku ya mtihani.
Tukashuka asilimia tisa."
"Kwa hiyo nyota ni afadhali?"
Hakuna anayejibu. Nasikia boila ikimeza mate.

Nne, barua kutoka wilaya ya Garnet Coulee.
Ni posa, hata kama haina kanga.
Wana mwalimu wa fizikia, wana uwanja wenye taa.
Sisi tulete watoto wetu themanini na wanne
na kodi ya mashamba yetu,
jina letu tuliache mlangoni kama buti zenye matope.
Mahari haikutajwa.
Marlys anaisoma mara ya pili, polepole,
kama mtu anayetafuta deni alilofichwa.

Kutoka nyuma, Delores wa jikoni anasema
saa moja na nusu kwenda, saa moja na nusu kurudi,
mtoto wa chekechea atafika huko ameota ndevu.
Hakupewa nafasi ya kusema. Nimemwandika.

Kura: watatu kwa wawili, tuahirishe mpaka Machi.
Boila itiwe kiraka.

Nikafunga daftari, nikahesabu waliohudhuria:
wajumbe watano, mkuu, mpishi, karani.
Wanane.
Kwa kanuni ya jimbo, hata sisi hatutangazwi.
Nikanyanyua kichwa nimwambie Rindahl, acheke kidogo.
Kiti chake kilikuwa kitupu.
Alikwisha toka, kwenda kuchomeka waya wa basi
lisije likaganda.