Mkesha wa Idi, Chikongola

Mwezi umeandama, umeme umeondoka.
Walipishana mlangoni kama wageni wasiosalimiana.
Mezani kwangu magauni kumi na moja,
tisa hayana mikono, mawili hayana pindo,
na mashine imenyamaza katikati ya mshono,
sindano imezama kwenye gauni la binti Mshamu
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Tokeni ninazo, nikaiambia mita.
Nikaibonyeza, nikaibembeleza.
Kumbe toka Ligula mpaka Chuno
hakuna hata nukta.
Bi Somoe akasema kwa upande wa pili wa ua:
"Gesi yetu imepanda gari, imekwenda kula Idi kwa wajomba.
Ndo Ntwara yetu hiyo, fundi."

Sikucheka. Baadaye kidogo nikacheka.

Nikaishusha televisheni
kutoka kwenye cherehani ya marehemu mama,
miaka tisa imekuwa meza, haikulalamika.
Mkanda wake ulishaliwa na panya.
Fikiri wangu, wa darasa la sita, akakata utepe
kwenye tyubu ya baiskeli tuliyokwisha kuiuza.
Tukaufunga, ukateleza.
Tukaufunga, ukateleza.
Mara ya tatu gurudumu likakubali,
kwa sauti ileile iliyonilaza utotoni.

Simu ina asilimia thelathini na moja.
Tukawasha tochi, tukaiwekea chupa ya maji juu yake,
chumba kikajaa mwanga wa tui,
hafifu, lakini tundu la sindano linaonekana
ukilitafuta kwa adabu.

Kule uani friji ya Bi Somoe inatokwa jasho.
Akatoa pweza, akatoa kuku wa sikukuu,
akakoka moto, akabandika vyote.
Saa nane za usiku tukala, watoto wa nyumba nne,
sinia moja, gizani, kila mkono ukibahatisha mnofu.
Aliyepata mfupa hakujulikana,
wala hakujitangaza.

Sitasema giza lilikuwa neema.
Lilinichoma kidole mara mbili,
likaniharibia pindo la gauni la mwisho.
Nilishukuru miguu. Kanyaga, kanyaga,
usiku ule nilizalisha umeme wangu kwa visigino,
na hakuna aliyeniletea bili.

Alfajiri, pasi ya mkaa kutoka kwa dobi Likwembe,
takbira tayari ziko hewani,
majivu nikiyapuliza mbali na vitambaa vyeupe.
Wateja wakaja na vibatari mkononi, wakachukua, wakalipa,
mmoja akaahidi.

Umeme ulirudi tukiwa uwanjani, kwenye swala.
Ukawaka chumba kizima, hakuna wa kuuona.

Binti Mshamu akazunguka mara moja barazani,
gauni likafunguka kama mwavuli,
pindo limekwenda upogo kuanzia kiunoni hadi mbavu za kushoto za dunia.
Nikashika pumzi.
Akazunguka tena.
Fundi anaona mshono, mtoto anaona rangi.

Televisheni bado iko sakafuni.
Fikiri ananiuliza tutaipandisha lini.
Namwambia: subiri kwanza,
nimalizie shuka la Bi Somoe.